Babu wa Kuazima

Nyumbani kwetu Kasingirima, hapa Ujiji, tulikuwa na jibu ambalo kila mtoto alifundishwa kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Ukiulizwa babu yako ni nani, unamtaja mkulima fulani wa Simbo. Alizaliwa wapi? Simbo. Alilima nini? Michikichi na muhogo. Kazikwa wapi? Hukohuko Simbo, nyuma ya nyumba yake. Mama alitusikiliza huku akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, na aliyebabaika alirudia mpaka jibu limtoke kama anavyotaja jina lake. Mtu akisita, alisema mama, huyo ameshajibu tayari.

Ukweli ni kwamba yule mkulima hakuwa babu yetu. Babu aliyemzaa baba alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo akiwa bado kijana, akileta samaki wakavu Ujiji na kurudi na chumvi. Mawese aliyachukua Simbo, kwa yule mkulima, aliyekuwa Muha, na baada ya misimu mingi ya kupeana mali bila kudhulumiana wakaamua kuchanjiana. Kila mmoja alichanjwa chale kifuani, damu ikapakwa kwenye kipande cha ini la mbuzi, na kila mmoja akala kipande chenye damu ya mwenzake mbele ya wazee. Kuanzia siku hiyo watoto wa huyu wakawa watoto wa yule. Babu yetu alipokufa mapema, mkulima ndiye aliyemlea baba, akamwoza na mke.

Kwa hiyo jibu letu halikuwa uongo mtupu. Kwa desturi lilikuwa kweli. Lakini desturi haina nafasi yake kwenye fomu, na sisi watu wa Ujiji wenye majina ya ng'ambo tunazijua fomu. Mkoa wetu ni wa mpakani, na mtu wa mpakani huulizwa alikotoka hata akiwa hajaenda popote. Kaka yangu aliitwa mara tatu kuhojiwa kabla ya kupata kitambulisho cha taifa. Mara ya tatu alifuatana na mtoto wa yule mkulima, mzee ambaye sisi tunamwita baba mkubwa. Alikuja na koti lake la sikukuu, akaapa mbele ya maafisa kwamba marehemu baba yetu alikuwa mdogo wake, wa baba mmoja na mama mmoja. Kaka akapata kitambulisho. Toka siku hiyo jibu halikuwa letu peke yetu.

Nimeanzia huko makusudi. Watu wa mbali wakiniuliza kwa nini sisi wa hapa tunakuwa wazito kuwapa watafiti damu na mate, hutaka niwasimulie habari za uchawi. Wanazipenda sana. Zipo, na nitazisema, lakini sizo zilizonikwamisha mimi.

Binti yangu wa mwisho ana selimundu. Mwaka ule alikuwa na miaka tisa, na maumivu yakimshika mifupa hulala chali, hataki kuguswa hata na shuka. Mimi ni fundi cherehani sokoni Mwanga. Nimewashonea sare nusu ya watoto wa mtaa wetu, ila wangu mwenyewe sare yake haichakai, maana siku za kuivaa ni chache. Alhamisi moja kila mwezi nilimpeleka kliniki. Na kwenye benchi lile lile alikuwa anakaa baba mkubwa, ametoka Simbo kwa bodaboda akiwa na mjukuu wake wa kike, wa umri ule ule na ugonjwa ule ule. Watoto wakazoeana. Walisukana nywele wakisubiri kuitwa, na kila mmoja alijua dawa za mwenzake kwa rangi.

Wauguzi walitikisa vichwa wakasema ugonjwa umeingia kwenye ukoo. Sisi wakubwa tuliinamisha macho kama watu waliopewa pole. Moyoni nilijua ugonjwa huu umetufikia kwa barabara mbili, moja ya maji na nyingine ya nchi kavu. Hilo sikulisema.

Basi wakaja watafiti wa chuo kikuu kimoja, na aliyekaa na sisi zaidi alikuwa dada mmoja kijana, mpole, mwenye kishikwambi mkononi. Alituambia wanataka kujua kwa nini watoto wengine wenye selimundu huumwa mara kwa mara na wengine mara chache. Huenda, alisema, sababu imo kwenye vinasaba, yaani yale tunayorithi kwa wazazi wetu. Wangechukua damu ya watoto na mate ya ndugu zao wakubwa, na wangeandika ukoo mzima: nani kamzaa nani, wapi. Zilizotafutwa zaidi ni koo zenye wagonjwa zaidi ya mmoja. Aliposema hivyo akatutazama mimi na baba mkubwa kwa furaha ambayo haikunipendeza hata kidogo.

Sokoni maneno hayakukawia. Mama mmoja anayeuza dagaa karibu na cherehani yangu alisema damu haitoki mkoani bila kuwa na mnunuzi. Mwingine alitaka kujua kwa nini mate. Damu anaielewa, hospitali ni damu, lakini mate na kucha ndivyo anavyoviomba mganga akitaka kukumaliza. Fundi mwenzangu, mwanamume anayejiona msomi kwa sababu ana redio, alisema watatengeneza dawa kwa mate yetu halafu watuuzie sisi. Nilimjibu kwamba kama mate yake ni dawa basi mkewe asingekuwa anaumwa kila siku. Wakacheka, nami nikacheka nao.

Lakini sikuwa bora kuliko wao. Mama alitufundisha toka utotoni kwamba ukitema mate chini, unayafukia kwa mguu. Mpaka leo mguu wangu unafanya hivyo wenyewe, hata kwenye sakafu ya saruji. Na mimi kuna kitu kinachonitia wasiwasi kuliko mganga: mtu mpole anayeandika. Mtu mkali huandika anachokutuhumu nacho. Mpole huandika kila kitu.

Nilimuuliza yule dada maswali yangu. Alisema majina yetu yataondolewa na kuwekwa namba.

"Nani anaziweka hizo namba?"

"Mfumo, mama."

"Na huo mfumo unakaa wapi?"

Akatabasamu kwa adabu. Akanieleza kwamba taarifa zote ni siri, hazipewi ofisi yoyote, na kwamba naweza kujitoa siku yoyote bila mtoto wangu kunyimwa matibabu. Akanisomea karatasi ya ridhaa mpaka mwisho, polepole, bila kuruka neno. Sasa nikiri: nilimwona ni mkweli. Nilimwona ni mkweli na bado sikumwamini, na sioni ajabu. Yeye alikuwa anaongea habari za leo. Mimi nilikuwa nawaza mtu atakayekikalia kiti chake miaka kumi ijayo.

Nilimpelekea mama habari hiyo akiwa anachambua maharage uani. Mama hupenda kusikiliza bila kuinua uso.

"Hiyo mashine inaona mpaka wapi?" akauliza.

"Inaona ukoo."

"Mpaka ng'ambo?"

Sikujua. Nikasema nadhani inaona nani ni ndugu wa nani. Mama akaendelea kuchambua. Akatupa maharage mabovu, akayatazama yalipoangukia.

"Kaka yako ana kitambulisho," akasema. "Wewe unacho. Huyo mtoto atakitaka chake. Mnataka kwenda kumpa mtu ushahidi kwenye kichupa?"

"Mama, mtoto anaumwa."

"Naona kwamba anaumwa. Mimi ndiye ninayekaa naye wewe ukiwa sokoni."

Tulinuniana siku nne. Nilikuwa na hasira naye, na hasira yenyewe ilikuwa kubwa kwa sababu nilijua hoja yake ni nzuri. Siku ya tano mtoto akashikwa na maumivu ya kifua, tukalala naye wodini, na tuliporudi mama akanifuata chumbani akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nenda," akasema. "Mate yangu mimi hawayapati. Na wewe jibu ni lile lile. Usijifanye mkweli kwa sababu umeonyeshwa meno."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo sidhani kama mtu wa mkoa mwingine angelifanya. Mtu mwingine angejiuliza: hawa ni watu wa ugonjwa, wanataka ukoo wa damu, niwape wa damu au ninyamaze. Mimi nilijiuliza jambo moja tu: je, fomu yangu na ya baba mkubwa zitalingana? Kwetu huo ndio ulikuwa usalama, majibu kulingana. Ndivyo tulivyompatia kaka kitambulisho. Sikufikiri kabisa kwamba safari hii mate nayo yangehojiwa.

Kwa hiyo nikapanda bodaboda mpaka Simbo. Baba mkubwa nilimkuta kwenye muhogo wake, ameegemea jembe. Tukasalimiana.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwana wanje. Mama hajambo?" akasema, akiniita mwanawe kwa Kiha.

Nilimwambia habari za utafiti. Yeye alikuwa ameshakataa. Alikuwa ameshamwambia yule dada kwamba damu ya mjukuu wake ni kidogo, hana ya kugawa. Akaniambia pia kilichomkereketa.

"Mimi nimeulizwa maswali mengi katika umri huu," alisema. "Mtu akiniuliza mtoto anaumwa wapi, hilo ni swali la ugonjwa. Akiniuliza babu alizaliwa wapi, hilo ni swali jingine. Limevalishwa koti la daktari tu."

Nikambembeleza. Mimi ni mtu wa soko, najua kumwondoa mteja kwenye wasiwasi. Nikamwambia wale ni watu wa kuaminika, nimewahoji mwenyewe. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia wakipata ukoo mkubwa huenda wakagundua cha kuwasaidia watoto wetu wote wawili. Hayo yote niliyasema kwa uso mkavu, na mengine huenda yalikuwa kweli. Ila sikwenda Simbo kwa ajili ya mjukuu wake. Nilikwenda kwa sababu fomu yangu ingemtaja baba yake, na nilimtaka awepo pale na yake inayomtaja baba yangu.

Mzee aliliweka jembe begani. "Haya," akasema. "Kwa kuwa umekuja wewe."

Alhamisi iliyofuata tukaketi mbele ya kishikwambi mmoja baada ya mwingine. Nilipoulizwa babu yangu upande wa baba, jibu likanitoka lenyewe, michikichi na muhogo na yote. Yule dada akaandika. Akauliza kabila la babu, nikasema Muha. Akauliza kama nina hakika, maana jina la baba yangu lilimfanya adhani vingine. Nikasema nina hakika. Baba mkubwa naye akataja watoto wa baba yake: yeye, dada zake wawili, na baba yangu. Mama yao mmoja? Mmoja. Nilikuwa nyuma ya pazia nikamsikia, na kifua kikatulia.

Tukatema mate kwenye vichupa, mimi, kaka, baba mkubwa na mwanawe. Baba mkubwa alitema mara mbili halafu akasema amekauka, wakampa maji, wakamsubiri. Watoto walitoa damu bila kulia, wale wameshazoea sindano. Yule dada akatushukuru akasema ukoo wetu ni wa thamani sana kwao. Niliporudi nyumbani mama aliuliza neno moja tu, kama nimejibu. Nikasema nimejibu.

Miezi ikapita. Mtoto akapata nafuu kidogo, akaenda shule wiki sita mfululizo, nikaanza kudhani kwamba tumepita salama. Hata nilianza kuwatania wale wa sokoni. Nilimwambia yule wa dagaa kwamba nimetoa mate na bado sijageuka paka. Akaniambia nisubiri.

Kisha Alhamisi moja yule dada akaniita pembeni, kwenye kile chumba cha kupimia uzito. Akafunga mlango. Alikuwa na aibu kuliko mimi, nikaona vidole vyake vinacheza na kifuniko cha kishikwambi, na nilichokiwaza wakati ule ni kaka: wamejua, wataitwa watu, kitambulisho kimekwenda.

"Mama, kuna jambo dogo la kuhakiki," alisema. "Kwenye maelezo, babu yako ndiye baba yake mzee wa Simbo. Kwenye mate, ile alama ambayo mwanamume hurithi kwa baba yake haifanani kwa kaka yako na kwa mzee."

"Labda mashine imekosea."

"Imerudiwa."

Nikautazama mlango. Yeye akafikiri ninaumia kwa sababu nyingine, akanishika mkono. Akasema mambo haya hutokea kwenye koo nyingi, hata mijini, wala si ajabu. Wakati mwingine ukoo umeandikwa vibaya. Wakati mwingine mtoto mmoja anakuwa na baba tofauti na yule anayejulikana. Hawataki kumwaibisha mtu, na hawatatangaza. Lakini ni lazima wajue ni lipi kati ya hayo mawili, maana wakiziacha nyumba zetu mbili kama ukoo mmoja hesabu yao yote itaharibika.

Hapo nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili, na yule mtu alikuwa ameshika mkono wangu. Ningeweza kusema: dada, babu yangu hasa alivuka maji, hawa wawili walichanjiana, sisi ni ndugu kwa njia ambayo mashine yenu haina jicho la kuiona. Nadhani angeandika kwa ajabu na furaha. Lakini kichwani nilimwona kaka amesimama mbele ya meza anahojiwa kwa mara ya nne. Nikatafuta mlango wa kutokea, nikaupata kwenye adabu.

"Mimi ni mtoto tu," nikamwambia. "Mambo ya wazee kamuulize mzee."

Akanishukuru. Kwetu hakuna jibu la heshima kuliko hilo, na hakuna jibu la uoga kuliko hilo. Akasema atakwenda Simbo mwenyewe, asimsumbue mzee kwa safari. Ningeweza kumpigia simu baba mkubwa siku hiyo hiyo nikamwonya. Namba ninayo. Sikumpigia. Nilijiambia kwamba simu si kitu cha kuongelea mambo kama hayo, kwamba watu wanasikiliza. Watu gani? Sikuwa na jina la hata mmoja. Nilipotaka kisingizio, wasiwasi ulinipa bila kuuliza.

Mwezi uliofuata baba mkubwa hakuja kliniki. Binti yangu alikaa peke yake kwenye benchi na kitana mkononi, na mara mbili aliniuliza kama bodaboda ya kutoka Simbo imeharibika. Sikungoja mwezi mwingine. Jumamosi nilifunga cherehani mapema nikaenda.

Alinikaribisha vizuri, na hilo ndilo lililoniogopesha. Akaniwekea kiti, akaagiza niletewe uji. Mjukuu wake alikuwa amejilaza ndani mlangoni, na macho yake yalikuwa ya njano. Nikamuuliza mzee kama mtoto anapata dawa.

"Zimekwisha," alisema.

"Basi mlete Alhamisi."

"Hatuendi tena kule."

Akanieleza bila kupandisha sauti. Yule dada alikuja, akasalimia vizuri, akakaa kwenye kiti hicho hicho nilichokalia. Akasema ametumwa na mimi. Akaeleza habari za mate. Akamwambia kuna mambo mawili, na achague: ama ameandika mtu asiye mdogo wake, ama mdogo wake hakuzaliwa na baba yake.

"Nikafikiri," alisema baba mkubwa. "Nikisema nimeandika mtu asiye mdogo wangu, mimi niliapa mbele ya maafisa kwamba ni mdogo wangu. Kaka yako ana kitambulisho kwa mdomo wangu huu. Nitakuwa nimekivunja. Sasa lile la pili ndilo lililobaki."

Sikuelewa haraka. Au nilielewa sikutaka.

"Nimewaambia waandike kwamba mama yangu alizaa nje," akasema. "Mama yangu. Hajawahi kulala nje ya nyumba hii mpaka alipokufa, na mimi mwanawe nimemwandikisha hivyo kwa mtu mgeni, akabonyeza, ikaingia."

Nilipiga magoti. Nikamwambia nitakwenda Alhamisi niseme ukweli wote, nimfute mama yake kwenye kitu kile.

"Ukisema, mimi ndiye niliyeapa uongo. Mzee mzima. Acha."

"Basi mtoto aje, baba mkubwa. Mtoto hana kosa. Hawatamnyima dawa, waliahidi. Fomu ni kitu kimoja na dawa ni kitu kingine."

"Wakimwona mtoto wataniona mimi. Wakiniona wataniuliza lingine. Mdomo wangu umefika mwisho, mwana wanje."

Nikambembeleza kwa maneno yale yale niliyokuja nayo mara ya kwanza. Sikuwa na mengine. Nikasema yule dada hana ubaya, hawa hawashirikiani na ofisi yoyote, hizi ni siri za hospitali, ni watu wa kuaminika.

Baba mkubwa aliinama, akanitazama kwa karibu kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Watu wa kuaminika," akasema. "Mbona wewe hukuwaamini?"

Hakuuliza ili kunichoma, alitaka jibu, na ningekuwa nalo nadhani angemchukua mtoto akaja. Uji ukapoa. Ndani mtoto aligeuka upande wa pili akiguna, na sote wawili tukageuza vichwa. Nikasimama nikaaga.

Alhamisi nilikwenda na binti yangu. Njia nzima nilikuwa nimeamua kusema. Niliyapanga maneno, nikayarudia, hata kabla ya kufika nilikuwa nimeyajua kwa moyo kama lile jibu la utotoni. Yule dada alifurahi kuniona. Akaniambia asante sana, lile jambo limeeleweka, mzee amewasaidia kwa ujasiri mkubwa na amelimaliza kabisa. Akanigeuzia kishikwambi. Palikuwa na ukoo wetu umechorwa kwa mistari na visanduku bila majina, namba tupu, na kwenye kisanduku kimoja cha mwanamke aliyekwisha kufa palikuwa na mstari uliotoka pembeni, umekatwakatwa, unaokwenda kwa mwanamume asiyejulikana.

"Mzee na mjukuu hatujawaona," alisema. "Waambie tunawasubiri. Yule mtoto alikuwa anaendelea vizuri."

"Nitawaambia."

"Na wewe, mama, kabla sijaufunga ukoo wenu. Kuna lolote la kurekebisha?"

Nikautazama ule mstari. Binti yangu alikuwa amesimama kando yangu, ameshika ukingo wa meza, naye anautazama. Akauliza huyo wa pembeni ni nani. Nikamwambia anyamaze.

"Hakuna," nikasema. Akanipa kalamu ya kile kioo, nami nikatia sahihi.